Pikipiki ya Baba, Kutoka Mwiki Hadi Mlango wa Kanisa

Ninyi wote mlionipigia simu, na wale waliotuma vichekesho kwenye kundi kabla hata ya kuniuliza kama niko hai, kaeni chini niwaeleze mara moja. Sitaki kurudia. Kutoka Mwiki hadi Thika mtu anaweza kwenda, akanywa chai, akarudi, na mchana bado ni wake. Mimi na pikipiki ya baba tulitoka Mwiki Jumatatu tukafika Thika Ijumaa jioni, na hadi leo mikono yangu inanuka oili hata nikiosha kwa sabuni ya kufulia.

Jambo lenyewe lilikuwa moja tu. Jumamosi ilikuwa misa ya kumbukumbu ya baba, mwaka mmoja tangu tumzike, na mama alikuwa amesema ataenda kanisani kwa pikipiki ya baba. Ile ya Kiingereza yenye tangi la kijani, ambayo baba alimbeba mama nayo siku ya harusi yao.

"Nilienda kuolewa nayo, nitaenda kumwombea nayo," alituambia. "Isipokuja, mtamwombea ninyi. Mimi nitakaa hapa."

Kaka yangu mkubwa, Njoroge, akamwambia ana gari zuri lenye viti laini. Mama akamwuliza kama hilo gari lilimjua baba. Basi mnamjua mama. Akisema hatoki nyumbani, hatoki, hata padri aje kumchukua mwenyewe. Na mimi kumwacha mama peke yake nyumbani siku hiyo, sisi tukiwa tumejipanga kanisani na suti zetu, nilijua singeweza kuishi nalo.

Pikipiki ilikuwa Mwiki kwa baba mkwe wangu, Mzee Kamande. Baba alipoanza kuugua, mzee huyo alijitolea kuiweka kwenye stoo yake nyuma ya banda la kuku, na lazima niseme aliitunza vizuri kuliko wengine wanavyotunza wake zao. Kazi yangu ilikuwa kwenda kuiwasha na kuja nayo. Nilikuwa nimejipangia asubuhi moja.

Mwiki hadi Kamakis

Asubuhi hiyo ililiwa na kuku. Mkwe haingii kwa wakwe akatoka na tumbo tupu, na mama mkwe wangu hakuwa amechinja kuku, alikuwa ndiyo kwanza anamtafuta. Nikakaa sebuleni nikinywa chai kikombe baada ya kikombe, nikisikia yule kuku akikimbizwa nje. Tulipomaliza kula jua lilikuwa kichwani.

Pikipiki ikawaka. Nilipiga kiki hadi goti likaniuma, lakini ikawaka, na ule mlio wake mzito ukanifanya nisimame tu kama mjinga. Mwaka mzima sikuwa nimeusikia.

"Wacha niipashe moto kidogo," Mzee Kamande akasema, na kabla sijajibu alikuwa ameshapanda.

Hapa lazima niwaeleze jambo la miguu, maana ndilo lililonitesa wiki nzima. Pikipiki zote mnazoziona hapa, gia ziko mguu wa kushoto na breki ya nyuma iko mguu wa kulia. Hii ya baba ni ya zamani sana na walioitengeneza walifanya kinyume: gia kulia, breki kushoto. Mzee Kamande aliendesha pikipiki ya Kijapani miaka yake yote ya kazi, akizunguka viwanda vya kahawa. Mguu wake wa kulia unajua kitu kimoja tu, nacho ni kukanyaga ili kusimama.

Akapanda barabara ya vumbi hadi dukani, akageuza, akashuka kwa mwendo mzuri, tai yake ikipepea. Alipokaribia geti akakanyaga. Mguu wa kulia. Pikipiki badala ya kusimama ikapiga kelele ya vyuma. Yeye kuona haisimami, akakanyaga tena kwa nguvu zaidi. Kraa. Ikaruka, ikagonga nguzo ya geti, stendi ikapinda, ikazima.

Mzee akashuka taratibu, akajipangusa suruali.

"Klachi imelala sana," akasema. "Imeshikana."

Niliona ule mguu kwa macho yangu. Lakini kwetu baba mkwe hakosolewi na mume wa binti yake. Anaweza kukuambia jua linachomoza Nakuru na utasema ndiyo Baba, nimeliona likitoka.

"Ndiyo, Baba," nikasema. "Itakuwa klachi."

Nilipoiwasha tena, gia ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili ikalia ka, ka, ka, kila mzunguko, halafu ikajitupa nje yenyewe. Hiyo si klachi. Klachi mbovu huteleza kimya kimya, hailii kwa mpigo. Lakini mzee alikuwa ameshaita boda na anaye fundi wake huko Kamakis, kwa hivyo nikaenda kwa gia ya kwanza mwendo wa konokono, yeye akinifuata kwa nyuma na boda yake. Kila kundi la vijana wa boda tulilopita lilikuwa na la kusema.

"Buda, hiyo unapeleka makumbusho ama umetoa huko?"

Kamakis, ambako tulikaa kuliko kote

Fundi anaitwa Karis. Anatengeneza boda chini ya bati lililo ubavuni mwa jengo la nyama choma, na moshi wa nyama unaingia kwake siku nzima. Ni mtu mchangamfu sana, na alipoiona pikipiki ya baba alichangamka zaidi kuliko nilivyopenda.

"Shida ni klachi," Mzee Kamande akamwambia.

"Klachi, sawa," akasema Karis, na tayari ameshika spana.

Nikajaribu kuingilia kwa mlango wa nyuma. "Labda tungemwaga oili ya giaboksi kwanza, tuone iko aje?"

"Gia za Wazungu wa zamani haziharibiki," mzee akasema. "Ni klachi. Kuja tukule."

Basi tukala. Jumatatu tulikula mbavu. Jumanne tukala mbavu na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, maana Karis hakuwa na sahani za klachi zinazoingia na ilibidi azichonge kutoka kwa za pikipiki nyingine. Kila nikiinuka kwenda kuangalia, mzee ananivuta mkono: "Wacha fundi afanye kazi. Ongeza kachumbari." Nilikula nyama hadi nikaanza kuichukia, na mnajua mimi si mtu wa kuchukia nyama. Kwa wakwe husemi umeshiba. Unasema asante na unaongezwa.

Kila jioni nilirudi Thika kwa gari, kwa barabara ile ile ambayo pikipiki ilikuwa imeshindwa kuipita. Mama alikuwa ameketi mlangoni.

"Iko wapi?"

"Iko njiani, mama."

"Hiyo njia ni ndefu," alisema, akaingia ndani. Msidhani hilo halikunichoma.

Jumatano mchana Karis akamaliza klachi. Nikamvuta kando nikamwambia polepole, mzee asisikie: gia iko kulia, breki iko kushoto, usisahau.

"Boss, mimi nimeendesha kila kitu," akaniambia. "Hadi tingatinga."

Akaondoka. Akapita mbele ya watu wote waliokuwa wanakula nje, na alipogeuza kurudi, mwanamke mmoja akavuka barabara na sufuria yake kichwani. Karis akakanyaga. Mguu wa kulia. Nikasikia kraa ile ile, na damu ikanichemka hadi masikioni. Siku tatu za kumeza maneno zikanitoka kwa mkupuo mmoja.

"Nimekwambia huo mguu si breki! Ndivyo hivyo ilivyovunjwa Mwiki! Mtu amekanyaga gia kama breki, halafu tunakaa hapa kuchonga klachi!"

Sikuwa nimekusudia kupaza sauti kiasi hicho. Lakini meza zote zilinigeukia, na kwenye meza ya kwanza Mzee Kamande alikuwa ameshika ubavu wa mbuzi, hajautia mdomoni. Akauweka chini. Akanawa mikono, akakausha kidole kimoja kimoja, akaita boda akaenda zake. Hakuniangalia.

Haikupita muda Wambui, mke wangu, akanipigia simu kutoka kwao Mwiki.

"Umemwambia baba nini? Amekuja akaingia kulala, na hata jua halijatua."

"Sikumwambia yeye. Nilikuwa namwambia fundi."

"Kamakis yote inasema ulimwambia yeye."

Nilijihisi mdogo, nawaambia ukweli. Na bado nilikuwa na hasira. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili kwa pamoja, na havisaidiani.

Lakini angalau sasa hakukuwa na mtu wa kunizuia. Karis, ambaye kidogo alikuwa ameona haya, akalala chini akafungua giaboksi akamwaga oili kwenye mtungi uliokatwa. Ilitoka inameremeta. Akapitisha sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, ikaja na ndevu za chuma, na katikati ya zile ndevu vipande viwili vya ukubwa wa punje ya mahindi.

"Meno," akasema. "Gia ya pili. Pole, boss."

Gia ya pili ya pikipiki hiyo haiko dukani, si Ruiru, si Nairobi. Ya kwanza peke yake ingefika Thika kesho kutwa, na nikiruka hadi ya tatu, kile kilima cha kanisani kingetucheka. Ilikuwa lazima yale meno yarudishwe, na Karis alimjua mtu Juja.

Kamakis hadi Juja, gia ikiwa ndani ya mkebe

Mtu huyo ni Wairimu, anayechomelea na kukereza vyuma karibu na nyumba za wanafunzi. Nilifika Alhamisi asubuhi na gia ndani ya mkebe wa majani ya chai. Akaigeuza mara moja tu.

"Naweza kuyajenga kwa welding, halafu nichonge na tupa," akasema. "Lakini stima imepotea. Weka hapo kwa benchi, uende ukule."

Kwenda kula tena. Nikaingia kibanda cha chapati na maharagwe kilichojaa wanafunzi. Mmoja aliiona picha ya gia kwenye simu yangu akaniuliza kama mimi ni wa mradi wa mwaka wa nne. Nikamwambia mimi ni wa mradi wa mama yangu. Alicheka akasukuma sahani yake ya pilipili upande wangu, na huo ulikuwa wema wa kwanza niliopewa tangu Jumatatu bila mashauri juu yake.

Stima ikarudi. Nikakimbia. Wairimu alikuwa amewasha mashine, miwani usoni, na benchi lilikuwa tupu.

"Gia yangu iko wapi?"

"Si ulituma mtu wa kuchukua?"

"Nimemtuma nani? Mimi simjui mtu Juja."

Tukaangaliana. Kumbe kulikuwa na gia ya mashine ya kusaga iliyokuwa tayari, na aliyetumwa kuja kuichukua alichukua ile iliyokuwa mbele yake. Gia ya pikipiki ya baba, iliyombeba mama kwenda kuolewa, ilikuwa njiani kwenda kusaga unga. Nilibeba ile ya kusaga, nikashuka mbio mitaa mitatu nikiuliza kwa posho mill ni wapi, na kila mtu akinionyesha nyingine. Niliikuta kwa ya mwisho. Mwenye mashine, mzee mweupe wa unga hadi kope, alikuwa ameishika mbele ya jua, anaisikitikia.

"Hii yangu imekonda sana," akaniambia.

Nilimbadilishia. Hakuona ajabu yoyote. Akanipa na unga kidogo wa uji kwa usumbufu, nikarudi kwa Wairimu nimebeba gia mkono mmoja na unga mkono mwingine.

Alifanya kazi hadi jioni. Alichoma chuma tabaka juu ya tabaka mahali pa yale meno mawili, akaizika gia ndani ya jivu ipoe polepole isipasuke, kisha akakata kipande cha bati kwa umbo la jino zima na kuanza kusugua kwa tupa, akipima, akisugua, akipima. Nilikaa kando naye nikitazama saa.

"Unanikazia macho," akasema. "Nenda usimame kule."

Aliponipa, meno mapya yalikuwa meupe na mengine meusi.

"Hii ni ya kufika," akasema. "Si ya kukaa. Usiivute na mzigo kwa mlima."

Nikamwambia mzigo ni mama yangu. Akaniuliza mama ni mnene. Nikamwambia hapana. Akainua mabega.

Kamakis hadi Thika

Ijumaa Karis alirudisha kila kitu mahali pake. Nilikataa katakata asiijaribu. Nilipanda mwenyewe, nikamshukuru, nikashika barabara.

Sina mengi ya kusema juu ya sehemu hii, na ndiyo iliyokuwa nzuri. Gia ya kwanza, ya pili kwa uangalifu kama mtu anayekanyaga yai, ya tatu, ya nne. Ilikwenda. Nilipita Juja nikapiga honi ya baba, ile inayolia kama mbuzi mwenye mafua, ingawa Wairimu hangeweza kuisikia. Nilipoingia kwetu mama alikuwa mlangoni. Hakusema iko wapi. Aliweka mkono juu ya tangi, na tangi lilikuwa moto, na hakuutoa.

"Umechelewa," akasema.

Nyumbani hadi kanisani

Jumamosi mama alikaa nyuma upande upande, vile alivyozoea, kitambaa cheupe kichwani, mkono mmoja begani kwangu. Njoroge alitufuata na gari lake, na ndani yake walikuwa wakwe zangu wote wawili. Mzee Kamande alikuwa amekuja. Alinisalimia kwa mkono, kama mtu wa ofisi, na hilo liliniuma kuliko kama angekataa kunisalimia.

Kilima cha kanisa kikaja. Ya nne, ya tatu, na ya tatu ikaanza kukata pumzi. Sikuwa na la kufanya. Nikaingiza ya pili. Ilishika, ikavuta, nikaona paa la kanisa, halafu nikasikia kraa, nikajua ni ya mwisho. Injini ikanguruma bure. Nikaitoa kwenye gia, nikashika breki, tukasimama katikati ya kilima.

"Mbona tumesimama?"

"Gia imekatika, mama. Shuka tutembee, si mbali."

"Nitashuka mlangoni."

"Mama, haiendi."

"Nimesema nitashuka mlangoni, Mwangi."

Njoroge alikuwa ameshuka kwenye gari akishika kichwa. Mlango wa pili ukafunguka. Mzee Kamande akavua koti lake la suti, akampa mkewe, akaja nyuma ya pikipiki, akaweka mikono yote miwili kwenye keria. Akaanza kusukuma, na Njoroge akaona aibu, akaja naye. Mimi nilishika usukani. Mama alikaa wima kabisa juu yetu sote akiwasalimia watu wa parokia waliokuwa wanapanda kwa miguu, akiwauliza habari za watoto wao.

Akashuka mlangoni. Akanyoosha nguo yake, akaingia, na wote wakamfuata.

Mimi sikuingia. Stendi ilikuwa imepinda tangu Mwiki, pikipiki haisimami, na mama mmoja wa kamati ya kanisa alinitikisia kidole nilipotaka kuiegemeza kwenye ukuta uliopakwa rangi juzi. Kwa hivyo misa ya baba ilianza nikiwa nje, nimeishikilia, nikisikia jina lake likisomwa kupitia dirishani. Nilikuwa nimechoka na nimekasirika na machozi yalinitoka, na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Kisha mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka Mzee Kamande, bado bila koti, shati limemshika mgongoni. Akaja akasimama upande wa pili wa pikipiki akashika mpini wa kulia.

"Mwangi," akasema. "Nilijua pale pale getini. Kabla hata ya kushuka."

Baba mkwe hamwambii mkwe maneno kama hayo, na mkwe hakufundishwa la kusema akiyasikia.

"Niliivunja mimi," akasema. "Wacha niishike mimi. Ingia ukakae na mama yako."

Nikamwachia. Nikaingia kwa ule mlango wa pembeni na mikono yangu ya oili, nikapita mbele ya watu hadi benchi la kwanza. Mama akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani ameshika pikipiki. Nikamwambia. Akasogea, akanipa nafasi.